Mama Mkanda na kiti cha gari la yule

Saa nne asubuhi, miguu miwili imechomoza nje ya mlango wa nyuma wa gari dogo la bluu, kandambili zikining'inia vidoleni. Mwili uliobaki umo ndani, na kutoka humo inasikika sauti ya mwanamke anayegombana na kitu kisichomjibu.

"Ingia! Ingia, nawe! Unadeka kwa nani?"

Anayegombezwa ni kiti cha mtoto cha kufungwa garini, kipana, kirefu, chenye mbavu na mabega, ambacho mwenye gari alikipenda dukani bila kufikiria siti yake ya nyuma ilivyo finyu. Mwanamke anapiga goti juu ya kiti, anakilalia kwa uzito wake wote na kuvuta mkanda wa gari mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Anakitikisa. Kiti kimetulia tuli. Anatoka kinyumenyume, jasho likimtiririka, na badala ya kupokea asante anakifungua kiti chote na kumbwagia mwenye gari mikononi.

"Haya, baba. Sasa wewe."

Hapa mtaani wanamwita Mama Mkanda, na hiyo ndiyo sheria yake: anayeendesha ndiye anayefunga. Mteja haondoki mpaka akifunge kiti kwa mikono yake mwenyewe, na kisisogee kuzidi upana wa kidole. Wapo wanaonuna. Wapo waliolia. Yeye hujitia hamnazo.

Ana miaka thelathini na miwili. Alianza kama muuzaji katika duka la vifaa vya watoto, lile ambalo sasa anafanyia kazi mbele yake, akachoka kuona viti vinarudishwa eti havienei.

"Vinaenea," anasema. "Tatizo watu wanasukuma tu. Gari dogo halitaki ubabe, linataka kubembelezwa. Sogeza siti ya mbele. Chomoa kile kiegemeo cha kichwa cha siti ya nyuma, maana ndicho kinachokisukuma kiti kije mbele. Pitisha mkanda kwenye njia yake. Basi!"

Siku nzuri hufunga viti sita au saba. Siku mbaya, anasema, hufunga mdomo na kurudi nyumbani.

Gari lake mwenyewe hana, na hajawahi kuwa nalo. "Kutwa nzima nafunga watoto wa watu," anasema, akijifuta uso kwa kanga. "Wangu anafungwa na mwingine."

Hapo ndipo penye kidonda. Mwandishi alikwenda kuandika habari ya viti, akarudi na habari ya wivu, na mwenye wivu wake wala hauonei haya.

Mama Mkanda na baba wa mtoto wake waliachana miaka miwili iliyopita. Binti yao ana miaka mitatu na nusu. Wiki nzima hukaa na mama, na Ijumaa jioni huenda kwa baba hadi Jumapili. Baba anafanya kazi za zamu, kwa hiyo anayekuja kumchukua mtoto ni mke wake mpya, kwa gari dogo jeupe. Mama Mkanda hamtaji kwa jina wala kwa cheo. Anamwita "yule."

"Yule ana gari. Yule ana mume niliyemfundisha mimi kupiga pasi. Sawa, amchukue! Lakini mtoto akirudi ananiambia, 'Mama mdogo anaimba garini.' Mimi niimbe saa ngapi? Mimi namweka mgongoni, nahema. Nilimwonea gere yule mwanamke mpaka nikawa naota gari lake linaishiwa mafuta."

Miezi mitatu iliyopita, baba alimnunulia mtoto kiti kikubwa, cha kumfaa mpaka aanze shule. Kikakataa katakata kuenea kwenye gari jeupe. Ijumaa ilipofika, mke mpya akakosa pa kukipeleka ila kwa Mama Mkanda. Wauzaji wote walitoka dukani kujifanya wanapanga baiskeli za watoto barazani, maana nani atake kupitwa na hilo?

Mama Mkanda anasema hajawahi kufunga kiti vizuri kama siku ile. Alichomoa kiegemeo cha kichwa, akakitia kwenye buti, akakaza mkanda mpaka siti ikalia. Mke mpya alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kaukumbatia.

"Dada, nifundishe na mimi."

"Kiko sawa. Usikiguse."

"Na nikitaka kukitoa?"

"Usikitoe."

Wateja wote sheria inawabana, ila huyu peke yake hakupewa nafasi ya kushika hata mkanda. Mama Mkanda hasingizii kusahau.

"Nilijua ninachofanya," anasema bila kupepesa macho. "Mtoto analalaje, anakula nini, wimbo gani anaupenda, vyote yule keshavijua. Nikasema hiki kimoja kibaki changu. Mwanangu akikaa mle ndani, awe ameshikwa na mikono yangu mimi."

Jumapili ya wiki iliyofuata, gari jeupe liliegesha mbele ya nyumba yake, chumba na sebule vya ghorofa ya chini vinavyotazama barabara. Alitoka mbio, akafungua mlango wa nyuma, akashika kiti ili ainame kumfungua mtoto.

"Kiti kikanifuata," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti inashuka. "Kikanifuata mkononi na mtoto yumo, kama mlango wa kabati ulioachia bawaba."

Mke mpya alikuwa amekitoa Jumamosi apate kupakia godoro, kisha akakirudisha kwa kubahatisha. Kiegemeo cha kichwa alikirudisha mahali pake, kikawa kinakisukuma kiti mbele. Mkanda aliupitisha juu ya mikono ya kiti badala ya chini yake. Walikuja hivyo barabara kuu nzima, mtoto akiimba.

"Unataka kuniulia mtoto?" Mama Mkanda alipiga kelele mpaka madirisha ya ghorofa zote yakafunguka. "Nakuuliza! Ndicho unachotaka?"

Mke mpya alimwacha amalize. Kisha akasema, "Nilikuomba unifundishe. Ukaniambia nisikiguse."

Mama Mkanda alimfungua mtoto, akakaa ukingoni mwa barabara naye mapajani, akimpapasa kichwa, shingo, mabega, ingawa mtoto hakuwa na hata mchubuko na alichokuwa akidai ni biskuti.

"Chomoa hicho kiegemeo," alisema hatimaye, bila kumtazama mwenzake.

Somo lilikula alasiri nzima. Mara ya kwanza mkanda ulijisokota. Mara ya pili kiti kilikaa upande. Mama Mkanda hakuwa mwalimu mpole. "Goti! Weka goti! Hilo goti au mto? Mwanamke mzima unaogopa kiti!" Mke mpya akavua viatu, akapanda mzimamzima, akavuta huku akiuma meno. Kiti kikatulia.

"Mama mdogo ameweza!" Mtoto akapiga makofi.

"Jamani, yale makofi!" Mama Mkanda anashika kifua akikumbuka. "Roho iliniuma palepale. Na mimi ndiye niliyemfundisha!"

Leo ni Ijumaa, na jua likianza kupoa gari jeupe linafika mbele ya duka. Mama Mkanda anaingiza mkono chini ya mkanda, anakisukuma kiti kushoto, kulia, anachungulia kwenye buti kuhakikisha kiegemeo kimo. Anarudia tena upya.

Wakati yumo kichwa ndani, mke mpya anamsogelea mwandishi na kunong'ona. "Bado ananitisha. Lakini kuna kitu hajui. Mtoto akishtuka usingizini anamlilia yeye tu. Namwimbia, namtembeza, wapi! 'Nataka mama, nataka mama.' Nalia na mimi. Usimwambie, tafadhali." Mwandishi hakumwambia. Atasoma hapa pamoja na wengine wote.

Mama Mkanda anatoka garini, anampakia binti yake aliyeshinda naye dukani, anambusu, anafunga mlango taratibu. "Nimetafuta kosa, sijaliona," anasema gari likitoweka kwenye kona. "Nimefurahi. Na imeniuma. Andika vyote viwili."

Zamani Jumamosi zake zilikuwa za kukunja nguo za mtoto zilizokwisha kunjwa. Siku hizi anajifunza udereva, na mwalimu wake amekwisha kumwonya kwamba usukani si wa kuning'inia. Mwenye duka anauza gari lake kuukuu, dogo kuliko hata lile jeupe, na ameahidi kumngojea mpaka apate leseni.

Anataka nini hasa na hilo gari?

"Jumapili moja nimfuate mwanangu mwenyewe," anasema. "Nifike kwao, nipige honi pale nje. Yule atoke. Amshike mkono mtoto amlete mpaka mlangoni mwa gari langu, halafu abaki amesimama pale, atutazame tunavyoondoka, mpaka tukate kona. Ajue inavyokuwa."

Anakunja kanga yake, anaikunjua.

"Nitampungia mkono," anasema. "Kila Ijumaa mimi nilikuwa nangoja anipungie."