Sala ya Pumzi Moja

Wapangaji wa ploti nzima pale Kitengela walimjua Kiilu kwa sala yake ya chakula. Alikuwa mchonga mawe, na njaa ya machimboni haina subira. Kutoka "Baba" mpaka "Amina" alienda kwa pumzi moja. Mkewe Mbithe alizoea kumtania kwamba malaika lazima akimbie ndipo aidake.

Mwaka wa 2003 alihara siku nne, akapona. Wiki mbili baadaye, Jumatatu, akarudi kutoka kazini akisema nyayo zinamchomachoma kama zimekufa ganzi. Jirani yao Naliaka akasema hiyo ni baridi ya mawe tu, akaleta mafuta ya kondoo ya kumchua. Jumatano Mbithe akamwona akivuka uani na pati-pati moja mguuni. Nyingine ilibaki mlangoni, naye hana habari. Ijumaa akashindwa kuinuka kitini bila kushikwa, na alipoyumba nje wapita njia wakauliza amekunywa nini, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.

Jumamosi mchana akaombea ugali. Akavuta pumzi katikati, akavuta tena kabla ya "Amina". Mbithe hakutania. Alimfunga mtoto wao Kalunde mgongoni, akatafuta gari.

Katika kliniki, daktari kijana aitwaye Peterson aligonga magoti ya Kiilu kwa nyundo ndogo. Miguu ikaning'inia tu, haikuruka. Akasema ni shida ya neva, akaanza kuandika barua waende Nairobi Jumatatu.

"Daktari, Jumatatu ni mbali," Mbithe akasema polepole. "Hii kitu inapanda. Ilianza kwa nyayo, ikaja magoti, sasa iko kwa kifua. Sala yake imekatika mara mbili."

Peterson akamtazama, kisha akamwambia Kiilu ahesabu bila kupumua. Aliishia kumi na moja. Kijana akaacha kalamu, akashika simu kuita ambulensi. Akamweleza Mbithe kwamba baada ya ugonjwa, kinga ya mwili wakati mwingine hugeuka na kushambulia neva za mwili wenyewe, na zikizimika za kifuani, mtu hukosa hewa.

Jioni hiyohiyo Kiilu alikuwa akipumuliwa na mashine.

Miezi mitano baadaye aliketi tena mezani, mkongojo ukiwa kando. Alipoomba, Mbithe hakufumba macho, alitazama kifua chake.

"Leo nimevuta pumzi mara moja tu," Kiilu akasema.

"Nimeona, Baba Kalunde," akajibu, akampakulia.