Kumwita Salvatori Mara Tatu

Asubuhi ile nilikuwa nimefua. Shati jeupe la mume wangu, Salvatori, lilikuwa kambani, kola bado mbichi. Yeye alikwenda kwa jirani kuomba mbegu za maharage. Binti yetu Divini, wa miezi saba, alilala mgongoni mwangu.

Risasi zilianzia kilimani. Nikanyakua shati, nikaacha sufuria, nikaacha hata kitambulisho. Akili gani hiyo? Nikajitupa kwenye migomba pamoja na majirani wanane.

Wenye bunduki wakafika njiani, wakasimama.

Divini akaamka. Nikamziba mdomo.

Ndipo nikamsikia Salvatori akinitafuta. "Mama Divini!" Aliita mara tatu. Sikuitika.

Risasi moja.

Giza lilipoingia tulivuka mpaka bila kumzika. Miaka ikaisha kambini, kisha tukaletwa Texas, shati likiwa kwenye begi.

Huku napanga maboksi ghalani na mama mmoja Mchina, tunamwita Mama Lini. Kwao alikuwa mwalimu wa historia. Siku moja tukila, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, alinieleza desturi ya Wachina wa kale. Mtu akifa, mwenzake alipanda juu ya paa na nguo ya marehemu, akatazama kaskazini, akaita jina mara tatu, roho irudi. Asipoitika, ndipo walipokubali kwamba amekufa kweli. Waliokosa mwili, vita vikiwa vimeumeza, walizika nguo. Wasomi wakakasirika, wakasema kaburi ni la mwili, roho haizikwi. Serikali ikapiga marufuku, na watu wakaendelea kuzika nguo za wafu wao. Niliwapenda wakaidi hao papo hapo.

Nikamwambia nina shati. Habari ya migomba sikumwambia.

Mimi ni Mkatoliki. Misa za Salvatori nimezisomesha mpaka padri anamtaja kama muumini wake. Lakini anayetaja ni padri. Aliyepaswa kufungua mdomo ni mimi, na hilo lilininyima usingizi wiki nzima.

Jumapili baada ya misa nikatoka na shati kwenye baraza letu la ghorofa ya tatu, hapa mjini Euless, karibu na uwanja wa ndege. Paa sina, mwenye nyumba angeniitia polisi. Kwetu mke hamwiti mume kwa jina. Maisha yetu yote nilimwita Baba Divini. Nikaona haya kama bibi harusi.

"Salvatori," nikasema, kwa sauti ndogo. Mara ya pili ndege inayotua ikapita, hata mimi sikuisikia sauti yangu. Mara ya tatu nililia jina lake mpaka jirani akafungua mlango.

Divini, sasa mtu mzima, akatoka, bado na sare yake ya kazi ya hospitali.

"Mama, are you okay? Unamwita nani?"

"Baba yako."

Nikamweleza yote, pamoja na mkono wangu mdomoni mwake. Hakuwahi kujua. Akachukua shati, akalinusa.

"Linanuka begi tu, Mama."

"Nililifua asubuhi ile," nikasema. Hata harufu yake niliiondoa mwenyewe, kwa mikono hii.

Akanishika mkono, ule ule. Tukakaa tukisubiri mpaka jua likahama barazani.

Salvatori hakuitika. Simlaumu. Yeye aliniita mara tatu, nami nilikuwa hai.