Mama Atakula Wapi Kule Milimani

Najua ni mkahawa upi, katika mji mmoja wa milimani Uswisi, unaokaanga viazi kwa siagi na ni upi unaovikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Najua pia kwamba ukitoka stesheni ya treni ukaelekea ziwani, duka la pili la mikate ndilo lenye keki ya njugu aina ya jozi isiyotiwa pombe. Mji wenyewe sijawahi kuukanyaga. Yote haya niliyajulia jikoni, Al Rayyan, kando ya Doha, katika majuma ambayo hata bomba la maji baridi lilikuwa linaunguza mikono.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya familia moja. Kila kiangazi wenye nyumba huenda mji ule kwa majuma manne, nami hubaki. Huenda hasa kwa ajili ya bibi mzee wa nyumba, tunayemwita Mama, kwa kuwa kifua chake hakistahimili joto na vumbi la Doha. Lakini mwaka jana alirudi nguo zikimpwaya. Kule alikula mkate na viazi vya kuchemsha tu, akihofia kwamba kila sahani ina nguruwe au divai. Mwaka huu akasema haendi. Binti yake, ambaye ndiye Madam wetu, akasema basi hakuna atakayeenda. Mwezi wa tano ulipokwisha, kikohozi cha Mama kilikuwa kinasikika hadi jikoni.

Hakuna aliyenituma. Nilinunua daftari, nikagawa kurasa zake sehemu tatu: mahali, chakula, na swali la kuuliza kabla ya kuagiza. Nikaanza na yaya wa watoto, Mganda, ambaye ameshasafiri nao mara tatu.

"Viazi vizuri mlikula wapi?" nilimuuliza.

"Pale mtoto mdogo alipotapika."

"Panaitwaje?"

"Jina sijui, dada. Ukishuka kwenye lile gari linaloning'inia kwenye waya, ni mkono wa kushoto. Ukutani kuna kengele za ng'ombe."

"Umeniambia kote kuna kengele."

"Basi hapo ni kubwa zaidi. Nyinyi Wakenya mnauliza maswali kama trafiki."

Mikahawa yote aliikumbuka hivyo, kwa balaa za watoto. Mimi nikatafuta majina na namba kwenye simu, nikawa napiga alasiri, vyombo vikishaoshwa. Kiingereza kilitosha. Mwanamke mmoja aliniambia viazi vyao vilivyokunwa hukaangwa kwa siagi, ila niombe visiwekewe vipande vya nguruwe juu. Mwingine alikiri kwamba wao hutumia mafuta ya nguruwe, akaniomba radhi. Supu ya shayiri ilinisumbua zaidi, maana nyama kavu inayotiwa humo huweza kuwa ya ng'ombe leo na ya nguruwe kesho. Mbele yake niliandika: iulizwe kila siku.

Kilichobaki ni chakula chenyewe wanachokisifia, jibini inayoyeyushwa katika sufuria na kuliwa kwa kuchovya mkate. Huko huipika kwa divai nyeupe. Mkahawa mmoja ulikubali kuipika kwa maji ya tufaha na limau, mradi waambiwe siku moja kabla. Nilitaka Mama aionje nyumbani kwanza.

Nilipasha sufuria, nikatia jibini, nikashika mwiko. Mkono ukafanya ulichozoea tangu utotoni: ukasonga. Nilikandamiza, nikageuza, nikakandamiza tena. Jibini ikajikusanya donge moja katikati, mafuta yakaelea pembeni.

Yaya alichungulia. "Hongera. Umepika ugali wa jibini."

Alicheka hadi akaketi sakafuni. Mama akaja kuona kuna nini, akalitazama lile donge, akasema kwa Kiarabu kwamba hata paka wa nje asingelila. Nikaanza upya, moto mdogo, limau zaidi, mwiko ukienda huku na huku taratibu badala ya kukandamiza. Safari hii ikateleza kama uji. Mama alichovya kipande cha mkate. Akachovya kingine. Cha nne alipokimaliza ndipo alipolivuta daftari langu na kutaka nimsomee.

Nilimsomea kwa Kiarabu changu cha jikoni, mkahawa kwa mkahawa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na siku yenyewe, nani atawauliza?"

"Madam, Mama."

"Binti yangu ana haya. Akimuuliza mhudumu mara moja, akajibiwa vibaya, ananyamaza na kula saladi." Alipangusa vidole. "Wewe huna haya hata kidogo. Ukija wewe, naenda."

Yaya, kwa Kiswahili, aliniambia nimepewa sifa, nishukuru.

Kesho yake Madam alipeleka pasipoti zetu, yangu na ya yaya, kuombewa viza. Mama ameshaagiza sanduku lake literemshwe kutoka juu ya kabati, na amemuuliza dereva kama sweta moja litamtosha. Meza kwenye ule mkahawa wa jibini nimeiwekesha mwenyewe kwa simu, ya watu saba, nami nikiwa wa saba. Safari ni Jumanne. Viza ya yaya ilitoka Jumapili. Leo ni Alhamisi, na yangu bado haijajibiwa.