Nyumba Niliyoiona Mwezi wa Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, hapa Eldoret, mama muuza maziwa aliposimama mlangoni kwangu na mtungi wake akakataa kunimiminia. Sufuria nilikuwa nimeishika mkononi. Akaniambia, "Maziwa baadaye, Baba Simiyu. Kwanza vaa viatu."

Nitakueleza kwa nini alikataa, lakini niruhusu nianze mbali kidogo. Mzee akianzia hadithi katikati, watu husema amesahau mwanzo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne. Tulikuwa tumeishi Nairobi miaka kumi na mmoja, mwaka wa mwisho wote katika chumba kimoja, mimi na mke wangu Nafula na watoto wetu wawili, Simiyu wa miaka minane na Nekesa wa miaka mitano. Kazi yangu ilikuwa kukagua vitambaa kiwandani. Jora likishatoka kwenye mashine, mimi hulifungua juu ya meza yenye taa nikatafuta uzi uliokatika, doa la mafuta, mahali ambapo rangi haikushika. Nilikuwa hodari, na nilijijua kuwa ni hodari. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Kiwanda kimoja cha hapa Eldoret kikaniita kazini. Mimi na Nafula tulikaa tukakubaliana kuhama, kwa sababu watoto walikuwa wanacheza kwenye ngazi na hawakuwahi kuona mahindi yakiota. Lakini kuchagua mji ni jambo moja, na kuchagua mahali pa kulala ndani ya mji huo ni jambo lingine. La kwanza tuliliamua wawili. La pili nilijitwika peke yangu.

Nilikuja mwezi wa kwanza na daftari. Unaijua Uasin Gishu hii yetu ya mwezi wa kwanza: anga halina wingu, mabua ya mahindi yamekauka mashambani, njia za mitaani ni ngumu kama sakafu. Kwa siku mbili nilikagua nyumba sita. Broka aliyenizungusha alikuwa kijana mchangamfu, na kila mlango alioufungua alisema, "Hii ndiyo ya mwisho, na kuna mwalimu anaitaka leo jioni." Baadaye nilijiuliza mwalimu huyo angelala nyumba ngapi kwa usiku mmoja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hiyo sikuwasikiliza wahenga. Nilimsikiliza broka.

Nilichagua nyumba katika mtaa ambao sitautaja, kwa kuwa siku hizi umewekewa lami na watu wake hawakunikosea. Ilikuwa na vyumba vitatu, madirisha makubwa na uwanja wa nyasi. Niligonga kuta, nikafungua mabomba, nikapanda kwenye kiti kutazama dari. Mwisho wa ukurasa nikaandika: kasoro, hakuna. Nikarudi Nairobi nikamsomea Nafula orodha yote kama mtu anayesoma hukumu ya kesi aliyoshinda.

Tukahama mwezi wa pili. Mvua ikaanza mwezi wa nne.

Nyumba ile, mwanangu, ilikuwa kwenye mteremko. Nyuma yake, juu, kulikuwa na barabara nzuri ambapo gari la kiwanda lilinichukua saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi. Mbele yake, chini, kulikuwa na bonde dogo la udongo mweusi, lisilo na daraja, na ng'ambo ya bonde ndiko kulikokuwa na shule, soko na kanisa. Mimi nilitokea nyuma nikirudia nyuma, Jumapili pia, kwa kuwa kiwanda hakikulala. Familia yangu ilitokea mbele.

Niliona Nafula akibadilika. Nairobi alikuwa fundi wa kushona ambaye wateja walimfuata mpaka mlangoni. Hapa cherehani yake ilifunikwa shuka wiki baada ya wiki. Aliyekuwa mcheshi akawa mtu wa kujibu neno moja. Mwisho wa mwezi wa sita akaniambia bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikonitisha, "Baba Simiyu, shule zikifungwa mwezi wa nane, mimi na watoto tutaenda Nairobi. Wewe baki na kiwanda chako."

Nilidhani ni baridi ya huku. Nilidhani amewakumbuka dada zake. Nikafanya kile nilichokijua: nikaleta daftari. Nikamsomea tena vyumba vitatu, madirisha makubwa, uwanja wa nyasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Soma tena pole pole. Nataka kusikia ni wapi nimeandikwa mimi."

Nilifunga daftari. Basi nikakasirika, kama wanavyokasirika watu waliokosea.

Nimeziona familia nyingi zikiishi nusu huku nusu kule, baba anakuja mwisho wa mwezi na watoto wanamjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki tano nifike hapo, na sikujua ni kwa sababu gani.

Aliyejua ni Mama Jerop, yule muuza maziwa. Alikuwa mama wa makamo mwenye ng'ombe wake upande wa pili wa bonde. Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba na gambuti zake, viatu vya mpira vya kufika magotini, akisalimu kwa Kikalenjin "Chamgei!" kwa sauti iliyowaamsha hata wasionunua maziwa. Nimewajua watu wengi wenye macho makali, wengine wakilipwa kwa ajili ya macho hayo kama mimi, lakini aliyeona zaidi ni yule mama, na hakuwa na daftari.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba zamu yangu ilikuwa ya mchana, ndiyo maana alinikuta. Nafula na watoto walikuwa wametoka dakika chache tu zilizopita.

"Watoto wako huenda shule na nini?" akaniuliza.

"Na miguu, Mama."

"Miguu ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akasema nivae viatu, nikavaa, tukashuka wote kwenye mvua nyembamba mpaka ukingo wa bonde.

Nafula alikuwa katikati ya tope. Amekunja sketi hadi juu ya magoti, viatu vyake viko kwenye mfuko wa plastiki shingoni, na Nekesa yuko mgongoni akishika mkoba wa shule juu ya kichwa. Alikwenda hatua kwa hatua, akiupapasa udongo kwa vidole kabla ya kukanyaga. Alipofika ng'ambo alimsimamisha mtoto juu ya jiwe, kisha akageuka kumrudia Simiyu.

Simiyu, aliyeachwa ukingo wa kwetu, alikuwa analalamika. "Mama, mimi ni mkubwa! Wenzangu wananiona!"

"Panda, mkubwa. Utashuka ukiwa mkubwa msafi."

Mama Jerop akasema karibu na sikio langu, "Tangu mwezi wa tano. Asubuhi anavuka na wawili, jioni anavuka na wawili. Na ile kushona yake, unafikiri ni nani atapita hapa na nguo mpya?"

"Mbona hakuniambia?"

"Amekuambia anaenda Nairobi. Ulitaka akuambie mara ngapi?"

Akaniuliza, "Wewe kazi yako ni gani?"

"Nakagua vitambaa."

"Na unajuaje kitambaa ni kizuri? Kwa kuangalia tu?"

"Hapana, Mama. Kitambaa kikavu hudanganya. Tunakata kipande, tunakifua, tunakianika. Kikipungua au kikichuja rangi, jora lote linarudishwa."

"Sasa hii nyumba ulikuja kuona mwezi gani?"

"Wa kwanza."

"Ooi, Baba Simiyu," alisema, na sasa ndipo akacheka, akapiga paja kwa kiganja. "Vitambaa vya watu unafua. Nyumba ya watoto wako ulipima ikiwa kavu!"

Nimekemewa na wakubwa wa kazi na hata na mchungaji mara moja, lakini hakuna kemeo lililoniingia kama hilo, kwa kuwa alinihukumu kwa sheria yangu mwenyewe. Nilivua viatu nikaingia topeni. Nilizama mpaka katikati ya muundi, nikayumba, nikamfikia Nafula katikati ya tope na kuinama ili Simiyu ahame kutoka mgongoni mwake hadi mwangu.

Nafula alinitazama kutoka kichwani hadi magotini. "Leo kiwanda kimefungwa?"

"Nisamehe, Nafula."

"Shika mtoto vizuri," alisema. "Hapo mbele kuna shimo." Alikuwa analijua bonde lile kama mimi ninavyojua meza yangu ya taa. Nilimfuata, nikiweka mguu pale alipoutoa, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyoheshimu kisogo chake asubuhi ile.

Tuliporudi, Mama Jerop alitumiminia maziwa, akaongeza kidogo, kisha akatufundisha namna ya kutafuta nyumba. "Msiulize wenye nyumba. Nendeni kwenye geti la shule mvua ikinyesha, saa moja na nusu, mwangalie viatu vya watoto. Wale wa viatu safi, waulizeni wanatoka wapi."

Mwanangu, nimesoma magazeti maisha yangu yote na sijaona mwandishi aliyepata habari kwa njia nzuri kama hiyo. Tulisimama kwenye geti asubuhi tatu. Watoto wa upande wetu walifika na soksi zenye rangi ya udongo. Lakini kulikuwa na kundi lililofika likicheka, viatu vimelowa tu kidogo, na wote walisema wanatoka kijia kimoja cha changarawe huko Kimumu. Jumamosi, mvua ikimwagika, tukaenda.

Nyumba iliyokuwa wazi ilikuwa ya vyumba viwili, rangi yake imebambuka, na madirisha yake madogo kama ya ghala. Lingekuwa jora ningelirudisha. Nafula hakuangalia kuta. Alisimama kwenye kijia akatazama maji yakikimbilia mtaroni, kisha akaingia kwenye duka la jirani. Mwenye duka alikuwa Mzee Adan, Msomali aliyekuja miaka mingi iliyopita kutoka kaskazini. Nafula akamwuliza maswali ambayo sikuwahi kuyaandika popote: mtu akifiwa hapa ni nani huja? Watoto wa hapa wanacheza na nani? Na mambo ya nchi yakiharibika, watu wa hapa hukaa pamoja au kila mtu hufunga mlango wake?

Mzee Adan alipanga boksi la sabuni, akafikiri. "Mama," alisema, "mimi kwetu ni mbali sana. Na bado niko hapa."

Nafula akanigeukia. "Ni hapa," alisema. Mzee Adan alipojua ni fundi, akamwonyesha pembe ya baraza ya duka ambapo cherehani ingekaa bila kunyeshewa. Mwisho wa mwezi huo tukahamia.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Nafula alipanda basi la Nairobi na watoto, kama alivyokuwa amesema. Sitakuficha, siku zile nane sikulala vizuri. Siku ya tisa nikaenda kuwapokea stendi, nikaona kondakta anateremsha meza kutoka juu ya basi. Ilikuwa meza yake ya kukatia nguo. Tangu tulipohama alikuwa ameiacha kwa dada yake, na mimi, mkaguzi, sikuwahi kuuliza kwa nini. Tuliibeba mpaka nyumbani, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na watoto wakitangulia kukimbia kwenye changarawe. Meza hiyo ndiyo ninayoandikia sasa.

Siku hizi vijana mnanitumia picha za nyumba kwa simu mkiuliza, "Mzee, tumechoka na jiji, tuhamie Kapsoya au Kimumu? Au tununue shamba kule Burnt Forest?" Picha zote zina jua. Nawajibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mji huu ni mwema, nimekula mahindi yake na baridi yake imenikomaza, na sioni pengine ambapo ningetaka kuzeekea. Lakini mtaa haukwambii tabia yake siku ya kiangazi. Njoo mwezi wa saba. Njoo na mwenzako, maana atakayevuka bonde ndiye ajuaye kina chake. Tembea kwa miguu ile njia ambayo mtoto wako mdogo atatembea, saa ileile atakayotembea. Muulize anayepita na gambuti kabla ya kumuuliza mwenye ufunguo. Na wa nyumbani mwako akikwambia anataka kuondoka, usimsomee daftari. Vaa viatu umfuate.

Mungu akupe, mwanangu, jirani asiyekuonea haya kukwambia umekosea. Akupe mlango ambao mgeni anaufikia wakati wa mvua na kijia kinachojua kupitisha maji. Na kila asubuhi ya mwezi wa saba, watoto wako wafike shuleni miguu yao ikiwa mikavu, kwa miguu yao wenyewe.