Beseni la Placide

Kusimama getini kutwa kule ugenini Randburg kulimpasua Placide visigino. Hospitali aliiogopa kama kaburi, maana mlinzi mwenzake aliingia na kidonda akatoka na mguu mmoja. Basi alijitibu kama alivyofundishwa na mama yake huko Uvira: maji ya moto, chumvi, na majani ya mwarobaini, ambayo sasa aliyanunua madukani Fordsburg.

Jioni moja mkewe, Victorine, aliepua maji yakichemka, akayamimina kwenye beseni, akarudi jikoni kufuata ya kupozea. Aliporudi, miguu ilikuwa imeshazama.

"Mama Gaëlle, mbona leo umeniletea maji ya baridi?"

Victorine alisimama na jagi mkononi, macho kwenye beseni. Placide akayafuata macho yake mpaka kwenye mvuke. Hakuthubutu kuitoa miguu aitazame.