Meza ya Mama na Majani Marefu

Mama aliinunua meza ya chakula kwa fedha za maharage yake mwenyewe, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kula juu yake. Ilikaa sebuleni nyumbani kwetu Ileje ikiwa imebeba kila kitu isipokuwa sahani: pasi ya mkaa, mbegu za mahindi kwenye mfuko, albamu ya picha, chaja za simu zinazogombea soketi moja. Baba alikula kwenye kiti chake karibu na redio, sahani juu ya kistuli. Mama alikula jikoni, na mara nyingi alikula akiwa amesimama.

Mwaka ambao kaka yangu alioa, Mama alinipigia simu Tunduma, ninakoishi.

"Krismasi hii nataka tule mezani," alisema. "Wote. Mara moja tu nione, basi."

"Tutakula, Mama."

"Na uipambe. Wewe si ndiye unashinda unaangalia mapicha ya mapambo kwenye simu?"

Aliyasema hayo kwa dhihaka, ila nilimfahamu Mama. Hakuwa mtu wa kuomba kitu mara mbili, na hilo hata mara moja lilikuwa limemchukua miaka sita.

Nikaanza kukusanya. Chupa tupu nilizipata kwa mama muuza chakula wa jirani, nikazizungushia kamba ya katani hadi shingoni. Fundi cherehani wa karibu na mpaka alinipa mabaki ya vitenge vya Zambia, vipande vyenye samaki wa njano na miavuli ya bluu, nikavishona pamoja kuwa kitambaa kirefu cha kupita katikati ya meza. Nyota nilizikata kwenye kalenda za zamani. Niliposhuka kwenye gari kule milimani nilikuwa na mfuko mkubwa wenye chupa zinazogongana kila hatua, na majirani walinipa pole wakidhani nimeanza kuuza pombe.

Asubuhi ya Krismasi, watu walipokwenda kanisani, mimi nilibaki. Niliokota mbegu za misonobari nyuma ya nyumba, nikazipaka gundi na kuzinyunyizia unga wa sembe ili zifanane na theluji. Sijawahi kuona theluji, wala mtu yeyote wa ukoo wetu, lakini kwenye picha ilikuwepo. Nilizianika barazani. Jogoo mmoja alikuja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akala theluji yote na kuacha gundi.

Nilizipanga mezani hivyo hivyo, pamoja na majani mafupi ya kangaga ndani ya chupa. Jambo hilo nililizingatia sana, kwa sababu maelekezo yote niliyosoma yalikubaliana: mapambo ya katikati yawe mafupi, ili walaji waonane nyuso. Nikaandika na kadi. Mama nilimweka kichwani mwa meza, kwa kuwa ni yake. Mimi na kaka tukawa upande wa mlangoni. Baba nikampa kiti cha katikati ya upande mrefu, na mbele yake kabisa, uso kwa uso, nikaweka kadi ya mgeni wa heshima, mke wa kaka yangu.

Msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Kwetu mwanamke aliyeolewa hali mbele ya baba wa mume wake. Siku hizi mengi yamelegea. Kanisani wanakaa safu jirani, njiani wanasalimiana, yeye akipiga goti na mzee akitazama milima. Lakini kutafuna huku anamwangalia! Mimi nimezaliwa humo na ninalijua hilo kama ninavyojua njia ya kisimani. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba nilipima urefu wa kangaga kwa rula na hilo sikulikumbuka.

Waliporudi kutoka kanisani, Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Hapa tunakula, au kuna mgeni rasmi anakuja kuhutubia?"

"Tunakula, Baba. Kiti chako hicho."

Alikisogelea, akasoma kadi yake. Kisha akasoma ile ya mbele yake. Akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua, akavaa tena kofia yake ndani ya nyumba, na kuelekea kwenye redio.

Wifi yangu naye alikuwa ametokea jikoni na bakuli la kuku. Aliisoma meza kwa mbali, akarudi kinyumenyume bila kumwaga hata tone la mchuzi. Nilimfuata.

"Wifi," alininong'oneza, "nimekukosea nini? Unataka niachike Krismasi yangu ya kwanza?"

"Nilisahau, jamani."

"Umesahau! Vitambaa umekumbuka, mikia ya samaki umeipanga inatazama upande mmoja, mkwe umemsahau!" Alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Mimi nitakula huku huku jikoni. Kuna joto, tena kuna ukoko."

Nilirudi na kuanza kuhamisha viti. Nikampeleka Baba kwenye kona. Wakawa wanaonana kwa mshazari. Nikampeleka wifi karibu na Mama. Wakaonana vizuri zaidi. Kaka alinitazama nikihangaika, akasema pengine mmoja angekula amepewa mgongo. Hakunisaidia hata kiti kimoja.

Mama alikuwa amesimama na sufuria ya wali, bado amevaa nguo za kanisani. Aliiangalia meza yake, na nikaona mkono wake mmoja ukitoka kwenye sufuria na kwenda kuisogeza pasi ya mkaa niliyoiweka dirishani, kama mtu anayejiandaa kuirudisha mahali pake.

Kisha akanigeukia.

"Hayo majani yako mbona mafupi?"

"Ndivyo inavyotakiwa, Mama. Ili watu waonane."

"Nani kakwambia tunataka kuonana?"

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilichukua panga, wifi akaja nyuma yangu na kisu cha jikoni, tukatelemka bondeni. Tulikata mianzi michanga, masale, kangaga zile kubwa zinazofika kiunoni. Wifi ametoka Itaka, binti wa watu wa kahawa, na mkono wake kwenye tawi ni mwepesi kuliko wangu kwenye kalamu. Yeye ndiye aliyejaza kokoto ndani ya chupa zisianguke, akazipanga safu mbili, na kufuma mianzi katikati yake kama anajenga uzio wa mbuzi.

"Kaa kiti cha baba," aliniamuru. Yeye akakaa chake. "Unaniona?"

"Naona sikio."

Akachomeka sale moja. "Sasa?"

"Naona hereni."

Akaivua hereni, kisha akaongeza kangaga mbili, kwa usalama.

Baba aliitwa mara ya pili. Aliinama, akachungulia ule msitu huku na huku kama anayekagua shamba kabla ya kulinunua, akavuta kiti na kukaa. Wifi alisubiri hadi mzee amekwisha kukaa, akaingia kwa mlango wa jikoni na kukaa upande wa pili. Tukasali. Kwa dakika kadhaa kulisikika vijiko tu, na jani moja likiteleza.

"Mama," Baba alisema hatimaye, "huko ng'ambo chumvi imefika?"

"Imefika," Mama alijibu, maana ndiye aliyeona pande zote mbili.

"Waulize wali wameuonaje."

"Mwambie baba, wali mtamu," ilisema sauti kutoka majanini, ndogo, ikitetemeka kwa kicheko.

Baba alichukua firigisi, ile ambayo tangu utoto wetu hakuna mwingine aliyethubutu hata kuitazama, akaiweka kwenye kisahani na kumsogezea Mama. "Ivushe."

"Bila kukaguliwa?" kaka aliuliza. "Mpakani Tunduma wasingekubali."

Mama alikata kipande kidogo pembeni, akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka akituangalia mmoja mmoja, mpaka wote wanne tukawa tumetazamwa. "Haya," alisema, "imelipiwa," na kukipitisha kisahani.

Sahani yake mwenyewe ilikuwa mbele yake, imejaa. Alikuwa ameketi.

Tulipomaliza niliinuka kukusanya chupa, nikijua kesho yake mahali hapo patahitajika kwa mbegu za mahindi. Mama alinipiga kofi mkononi.

"Acha hapo. Kesho tutakula wapi?"

Wifi alikuwa amekwisha kuja na jagi, anaongeza maji kwenye chupa, moja baada ya nyingine, ili majani yasinyauke.