Ngitili Yangu na Gofu ya Shemeji

Siku ile niliandika kwenye daftari langu: "Shemeji amekuja na fimbo za chuma." Niliposoma nikaona nimeandika kwa dharau, nikaongeza: "Lakini amekuja pia na sukari." Darasa la saba halikunifundisha mengi, ila kumpa mtu haki yake najua.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ananunua dhahabu Geita, na tangu aanze kukaa meza moja na wakubwa amekuwa mtu wa kofia nyeupe. Mimi niko Kishapu na gesti yangu ya vyumba sita, mama mkwe wangu, na ng'ombe wanane.

Alitandaza karatasi juu ya meza. Wageni saba kutoka Geita, Jumamosi na Jumapili: kucheza gofu, kula, kulala. Kula na kulala ni kwangu.

"Na gofu?" nikamuuliza. "Si mtaenda kwenye ule uwanja wa zamani, kule kwenye mgodi wa almasi?"

"Kule hapana, shemeji. Kule wanajua kucheza."

"Kwani ninyi?"

"Sisi tunaanza. Mtu mzima haanzii mbele za watu."

Hilo nililielewa. Hata mimi huandika nikiwa nimefunga mlango.

Basi akachungulia dirishani, akaiona ngitili yangu. Kwa asiyekulia kwetu, ngitili ni malisho unayoyafunga wakati wa mvua ili nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, ng'ombe wazile kiangazi kikikaza. Ilikuwa Agosti. Nyasi zile ndizo zingewafikisha wale wanane kwenye mvua za Novemba. Nyingine sikuwa nazo.

"Nipe kona ile ya barabarani tu," akasema. "Mashimo matatu. Tukiyazunguka mara sita yanakuwa kumi na nane, kama Ulaya."

Niliwaza vyumba vyangu, ambavyo vinne havijalaliwa tangu malori ya pamba yapungue. Nikakubali. Sitaki kumsingizia: hakunilazimisha.

Tukaja kwenye chakula. Nikataja kuku wa kienyeji, ugali wa mtama, maziwa mgando na michembe.

"Viazi vikavu, shemeji? Hawa ni watu wa gofu!" Akafuta michembe, akaandika supu ya uyoga.

"Uyoga kiangazi hiki utauotesha wewe?"

Akafuta uyoga, ila supu akaiacha.

Mashine ya kukata nyasi ilifika Jumatano juu ya pikapu. Ikakata hatua kama kumi, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Nikampigia simu.

"Ingiza ng'ombe," akasema. "Ng'ombe si mashine? Kwenye kona tu, siku mbili."

Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu. Kwetu, mwenye ngitili akishaingiza ng'ombe wake, ameifungua. Jirani analeta wake bila kuomba, kama mimi nilivyopeleka wangu kwake mwaka juzi. Nilijua. Nilijidanganya tu kwamba kona si ngitili. Alhamisi asubuhi nikawaingiza wanane. Mchana jirani akasimama kwenye uzio, na nyuma yake kundi ambalo mkia wake sikuuona.

"Mwadila, mayu!" akanisalimu Kisukuma. "Mwaka huu umefungua mapema. Ubarikiwe."

"Ni kona tu, baba. Ni ya gofu."

"Na hiyo gofu nayo inakula nyasi?"

Nikawapisha ng'ombe wake. Wakaingia. Ijumaa walikuja wa majirani wengine, na jua lilipozama ngitili ilikuwa imenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Wageni walipofika Jumamosi walipiga makofi. "Bwana, umetengeneza uwanja!" Shemeji akakohoa kwa unyenyekevu. Wa kwanza akapiga udongo. Wa pili akapiga hewa, tena kwa nguvu. Wa tatu akaupiga mpira kweli, ukazama kwenye kinyesi kibichi, wakabishana muda mrefu kama hicho kihesabiwe kizuizi cha mchanga au cha maji. Walizunguka mashimo mara moja, jua likawashinda. Wakajibanza kibarazani alipokuwa mama mkwe anatafuna michembe yake, wakaonja, wakamaliza kapu. Supu haikuguswa.

Niseme na mazuri: walilala wote kwangu, wakashukuru, na mmoja alitandika kitanda chake mwenyewe.

Jumapili walipokuwa wanapakia fimbo, mama mkwe akamwita mwanawe, wenzake wakisikia.

"Nyasi za hawa ng'ombe ziko wapi?"

"Zitaota, mama."

"Mwezi gani?"

"Nitatuma mashudu ya pamba. Lori zima."

"Ulituma na mashine." Akanyoosha mguu. "Kwako Geita hakuna nyasi?"

Shemeji akatazama kofia yake. Mgeni mmoja, aliyekuwa bado anatafuna, akamjibia: "Anazo, mama! Za kijani. Anazimwagilia asubuhi na jioni."

"Basi aliyemaliza nyasi alishe."

"Mama, zile ni za mazoezi!"

"Na ng'ombe watafanya mazoezi."

Wale saba wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mbele yao angekataaje? Jumatatu lori lililokuwa linarudi Geita tupu likawabeba ng'ombe wangu wanane.

Jioni ile niliandika: "Shemeji ameharibu ngitili yangu." Nikaipiga mstari sentensi hiyo. Nikaandika: "Nimeifungua mwenyewe." Hiyo nayo nikaiona haijatosha, nikaziacha zote mbili, moja imepigwa mstari.

Wiki ya tatu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Shemeji, wamefika kwenye mizizi. Na maua ya mke wangu wameyamaliza. Sasa nawanunulia majani."

Nikampa pole, na nilimaanisha. Kisha nikamuuliza kama maji wanapata ya kutosha.